Unyevu, Asilimia Themanini na Mbili

Ukuta wa chumba cha watoto ulianza kuota ndevu
mwezi wa Novemba, nyuma ya kabati,
ghorofa ya tisa, Dundee,
mahali ambapo jua huondoka saa tisa na nusu alasiri
bila kuaga.

Afisa wa nyumba alikuja na kalamu na vifuko vya plastiki miguuni.
Akanusa. Akaitazama sufuria yangu ya maharage.
"Ni mvuke wenu," akasema. "Mnapika mno. Fungueni madirisha."
Nikafungua.
Theluji ikaingia, ikakaa kwenye kochi kama shemeji.

Mali bila daftari hupotea bila habari:
hilo nililisikia kabla sijajua kusoma.
Lakini daftari lilikuwapo!
Wakandarasi walipima kuta zote mwaka juzi, kwa kodi yetu.
Tukaliomba kwa barua. Likaja, kurasa arobaini na moja,
limepakwa wino mweusi mstari kwa mstari,
zimesazwa tarehe, na neno "asante".
Ukungu juu ya ukungu.

Basi Ishbel wa 9C, mpishi mstaafu wa shule,
akaokota kompyuta jalalani, kioo kina ufa.
Fraser wa ghorofa ya pili, kijana asiyemtazama mtu usoni,
akaifuta leseni zilizokwisha muda na matangazo yake,
akaipa programu huru.
Nikauliza: tumemwibia nani?
Akanionyesha maneno yaliyotangulia msimbo wote:
tumia, fungua uone, rekebisha, mpe mwenzio.
Nikayasoma mara mbili.
Nimetia saini mikataba mingi katika nchi hii;
hakuna hata mmoja uliowahi kuniambia mpe mwenzio.

Tukatega vipimo, vidogo kama viberiti,
nyumba kumi na saba.
Mama Furaha, aliyetoka Uvira, alikitazama kioo chake
kama mtu anayesomewa mashtaka kwa lugha ya hakimu.
Nikakesha siku tatu nikitafsiri:
joto, ukuta, umande, hatari.
Usiku wa tatu kidole kililala kabla yangu.
Nikaandika "unyevuu", nikazima taa.

Machi, ukumbi wa maktaba.
Afisa akasoma kwa sauti, kisha kwa sauti ndogo:
nyumba 9D, saa nane usiku, dirisha wazi,
sufuria kavu, watoto wamelala kwa shangazi yao,
unyevu, asilimia themanini na mbili.
Akauliza, "Takwimu hizi ni mali ya nani?"
Ishbel akavua miwani.
"Za ukuta," akasema.

Tulizibandika mlangoni, tukaziweka mtandaoni bila kufuli.
Mwanafunzi akazichorea ramani. Daktari wa mapafu akazichukua.
Wakandarasi nao wakazichukua, walewale wa wino mweusi,
na Fraser akataka kuwafungia.
Tulibishana hadi chai ikapoa.
Mwishowe tukaacha: mlango ulio wazi kwa jamaa tu
huo ni mlango wa nyumbani kwako, usiuite barabara.

Majukwaa ya mafundi yamesimama upande wa kaskazini.
Upande wetu bado. Kabati nimelisogeza katikati ya chumba,
watoto wanalizunguka wakikimbizana.

Jana mwanamke mmoja wa Hull ametuandikia,
jengo lake nalo limeota ndevu,
anaomba ruhusa ya kutumia tulichotengeneza.
Nikafungua faili nimwonyeshe kwamba ruhusa imo ndani, juu kabisa,
ilimtangulia kuomba.

Ndipo nikaona.
Mtu amepita humo, tarehe sita Februari,
jina lake herufi tatu na namba, mji haujulikani.
Hakunicheka. Hakuacha salamu.
Amefuta u moja
akaenda zake.