Usimpakate Mtoto Leo

Wanaiita baridi yabisi.
Yabisi ya wapi, na mimi ni wa Katumba,
ambako nguo huanikwa Jumatatu
zikaanuliwa Alhamisi, bado mbichi?
Baridi naijua. Huingilia kidole gumba
saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kengele ya shamba,
nikashindwa kufunga kifungo cha sweta
nikamwamsha Tumpale, miaka sita, anifungie.

"Bibi, mikono yako imelala?"
Imelala, mama. Mimi ndiye sikulala.

Miaka kumi na tisa nimechuma chai,
majani mawili na chipukizi,
majani mawili na chipukizi,
gumba na shahada zikisalimiana
mara elfu ngapi kwa siku, nani ahesabu?
Mizani ilihesabu.
Kilo zangu zilipopungua, nyapara Ambakisye
aliandika kwa wino mwekundu neno moja: mvivu.
Mchungaji alisema nimsamehe niliyemkasirikia.
Shemeji alitaja jina la jirani, kwa kunong'ona.
Picha ya kwanza, ile ya eksirei, ilisema: hakuna kitu.
Nikarudi na Hakuna Kitu yangu kwenye bahasha kubwa,
nimeibana kwa viganja viwili kama sahani ya moto,
maana vidole vilikataa.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.
Nikanyamaza. Maiti hasemi.

Mbeya, ghorofa ya chini, mlango wenye alama
ya pangaboi la mapanga matatu.
Kijana Lusekelo akatoa sindano
kwenye kikasha cha risasi
(si ya bunduki, alisema aliponiona nimeshtuka,
ni madini tu, ya kuzuia miale).
"Mama, hii haitibu. Hii inatafuta.
Itapita na damu, itauliza kila mfupa,
na palipo na moto itakaa."
Nikamwambia: basi itachoka, mwanangu.

Ni utafiti. Walitaka watu arobaini
wenye maumivu yasiyokwisha; mimi namba kumi na saba.
Saa tatu nzima kwenye benchi, chupa baada ya chupa ya maji,
msalani na kurudi, msalani na kurudi,
na mwenzangu wa Makambako, dereva wa lori,
mgongo umempinda kama mundu,
akaniuliza kama nami nimeanza kung'aa.
Tulicheka mpaka mbavu zake zikamkataza.

Kisha kitanda chembamba. Mashine ikashuka
karibu na uso, polepole,
kama mtu anayetega sikio.
Haikunimulika. Hilo sikulitegemea.
Mwanga ulitoka kwangu, yenyewe ikapokea.
Kwa mara ya kwanza chombo cha hospitali
kilikaa kimya, nikasema mimi.

Kwenye kioo cha kompyuta nikaona mtu wa vumbi,
kijivu kama asubuhi ya Kiwira,
na viganja viwili vyenye madoa kila penye kiungo.
"Peusi ndipo panapowaka," alisema Lusekelo.
Gumba la kulia lilikuwa jeusi kuliko yote.
Nililitazama kama ndugu aliyetoka jela
na barua ya kumsafisha mkononi.
Sikulia. Niliomba wachape nakala moja ya ziada,
nimpelekee Ambakisye.
Nilikuwa nimeshafika ngazini nilipokumbuka
kwamba tulimzika mwaka juzi.

Matibabu yatazungumzwa mwezi ujao.
Mwezi ujao ni mbali, kwa kidole.
Agizo la leo ni dogo: kunywa maji mengi,
na usimpakate mtoto mpaka kesho,
maana unatoa miale bado,
nusu inakufa kila saa sita,
halafu nusu ya iliyobaki.

Sasa Tumpale amelala upande wa pili wa chumba,
amenuna. Kati yetu ndoo inapokea tone la paa.
"Bibi," anaita gizani, "mbona hung'ai?"
Nakunja gumba. Nakunjua. Linauma vilevile.
Alfajiri, saa sita zikiwa zimepita mara tatu,
ataruhusiwa kunifunga kifungo.