Bega la Kulia

Mkebe wa biskuti ulikuwa juu ya kabati,
nyuma ya chandarua kilichotoboka,
na ndani hamna biskuti wala hati ya kiwanja
tunayoitafuta tangu arubaini ya mama.
Tumo sisi, tumekunjwa mara nne.

Magazeti makuukuu, yamepitiwa na mkasi:
mgongo, kifua, mkono, kola.
Bei ya mkonge imekatiza kwapani mwa shangazi Mwanasiti;
tangazo la sinema ya Jumamosi limeishia shingoni kwangu,
nilipokuwa na miaka saba na mapengo mawili.

Kila kipande kina penseli yake.
Mama hakupoteza wino kwa watu watakaonenepa.
"Mwanasiti: ongeza inchi, karibu ataolewa."
"Hatibu: magoti tia viraka mapema, usingoje."
"Mume wangu: kola usiibane, ana maneno mengi."

Basi nikasema nitashona.
Cherehani ni ileile ya kukanyaga,
mkanda wake umeungwa kwa waya,
na hapa Ngamiani mtaa mzima unaujua mlio wake
kama kikohozi cha jirani.

Kwanza sweta la Mwanapili.
Mchana wa Januari, umeme umekwenda,
nimepakata sufu, jasho linachuruzika mpaka kwenye sindano,
kwa ajili ya baridi ya Soni ambayo siijui.
Ameandika kwamba huko shuleni maji ya kunawa yanang'ata.
Bi Mwanakombo akachungulia dirishani:
"Sweta? Tanga hii? Una homa, mwenzangu?"
Nikamjibu, na katika kumjibu
vitanzi sitini na nne vikawa sitini na kitu.
Nikafumua.

Kisha shati la mwanangu, Mbaruku.
Kifua ni cha babu yake, nimempima mara mbili:
thelathini na tisa, haizidi haipungui.
Nikatandaza poplini, nikalaza karatasi ya mzee,
pini, chaki,
nikashusha pumzi, nikakata.
Ulimi ukikosea huomba radhi. Mkasi hauombi.

Akalivaa mbele ya kioo, akacheka.
"Mama, bega la kulia linanivuta chini."
Kweli. Kushoto limemkaa kama kamwagiwa,
kulia limembana, limemkandamiza,
kama mtu kamwekea mkono na hataki kuuondoa.
Nikadhani ni macho yangu, yameanza uzee.
Nikaikunja karatasi katikati:
nusu moja ikakataa kulalia nusu ya pili.

Na pale ukingoni, kwa herufi ndogo kuliko zote:
"Kulia teremsha inchi na robo. Gunia."
Basi. Neno moja, na penseli imekandamizwa.

Miaka kumi na tisa ya uhamali bandarini.
Baba alikuwa akirudi, akiketi kizingitini,
upande mmoja umeinama
kama anayesikiliza kitu kilicho sakafuni.
Tulidhani ni maringo yake. Hatibu alikuwa akimwigiza,
tukicheka hadi tunapaliwa na uji.
Lakini Ijumaa, akishavaa shati, alinyooka.
Msikitini walimwona mtu aliyenyooka.
Mama alimnyoosha kila sikukuu,
inchi na robo,
na sidhani kama aliwahi kumwambia.

Nilimsimulia Mbaruku, pini zingali mdomoni,
kwa hiyo sijui alisikia nusu ipi.
Yeye mzigo wake mzito ni begi la kompyuta.
Hakucheka tena. Akalipapasa bega
kama anayetafuta kitu mfukoni.
"Nipe nilifumue," nikasema, "nilipandishe."
"Liache mpaka Ijumaa," akasema, akaenda nalo.

Usiku nikachukua gazeti la jana,
nikamchora upya, na penseli nikaichonga kwa kisu:
"Mbaruku. Mabega sawa, kwa sasa."
Nikamkunja mara nne, nikamtia mkebeni, juu ya babu yake.
Halafu nikarudi kwenye sweta,
ambalo bado halina mkono.