Kifungo na Kifungu

Karakana ya gereza, Pernambuko, jua la saa nane.
Nashona vifungo kwenye mashati ya askari:
matundu manne, uzi mara sita, fundo, kata.

Hukumu yangu niliitia sahihi kwa dole gumba,
kurasa tisa za sisimizi
waliosimama kimya wakinitazama.

Mzee Adauto, karani kabla ya kughushi hati za mashamba,
alinifundisha kwa vifungo.
Alivipanga juu ya blanketi: kimoja, hii O;
viwili vimebebana, B.
Nilicheka. Miaka thelathini na minne
nimevaa alfabeti kifuani.

Tulikuwa ishirini na mmoja katika chumba cha wanane.
Tulilala kwa zamu. Zamu yangu ya kusimama
ndiyo iliyokuwa shule, chini ya balbu isiyozimwa,
silabi kwa silabi, mdomo ukitafuna kama mbuzi.

Siku nilipoweza, sikuanza na maandiko matakatifu.
Niliomba ile hukumu.
Ukurasa wa tatu nikamkuta:
Valdemir Queiroz Tenório, mchomeleaji, miaka ishirini na sita.
Mimi nilimjua kwa jina la Mwembamba.
Kisu changu hakikumwuliza jingine.
Nikalisoma mara saba. Kisha nikapiga magoti,
kwanza kwa sababu miguu iligoma,
na kwa kuwa nilikuwa chini tayari, nikaona heri niombe.

Sheria ya huku hupunguza siku nne kwa kila kitabu
ukikisoma na kukiandikia ripoti.
Nimesoma kumi na tisa. Nimeandika kuhusu nyuki,
kuhusu mwanamke aliyeuza kitanda chake.
Siku sabini na sita zimefumuka.
Lakini kile chenye jalada jeusi, nilipokimaliza,
mwalimu Josineide aliniletea fomu,
nikairudisha tupu.
Hizo nne, nikamwambia, ni za Valdemir.

Ijumaa nafunga. Neno lenyewe hunichekesha:
mfungwa aliyefunga, anashona vifungo,
magharibi afungue kwa mkate mkavu
na kifungu kimoja, akisome polepole kisiishe.

Jana mlinzi Edivan alikuja kola wazi.
Nishonee hivi hivi, alisema, sina muda wa kuvua.
Sindano vidole viwili kutoka kooni mwake.
Matundu manne. Uzi mara sita.
Alikuwa anapiga miayo.