Kichwa cha Nguru

Hapa Mabela kuna paka wa aina mbili.
Wa kwanza analala chumba cha wageni, kiyoyozi usiku na mchana,
anakula samaki wa kopo kutoka nchi nisiyoijua,
na watoto wanamwita Shirazi.
Siku ya kwanza nilicheka nusura niangushe sinia:
kwetu Tanga kila mtu ni Mshirazi,
hata muuza mkaa, mpe kahawa na mahali pa kukaa,
atakuhesabia babu zake mmoja mmoja hadi ng'ambo.

Kitabu cha chanjo cha Shirazi kipo kabatini, droo ya juu.
Chini yake ipo pasi yangu ya kusafiria.
Nimeviona vyote viwili siku Bi Zuwena alipotafuta miwani.

Wa pili ni shume.
Hawa hawana idadi. Wapo chini ya Landkruza,
wapo juu ya pipa, wapo kule nyuma
kiyoyozi kinakodondosha maji tone kwa tone
na ndimi zinapanga foleni.
Jua la Julai silisimulii kwa simu. Mama hataamini.

Halafu kuna mbwa.
Mbwa hawana hata upande wa ukuta.
Koko wa wadini, bonde kavu lisilo na mto,
rangi yao mchanga, huwaoni
mpaka mchanga uinuke ukutazame.
Bwana Zahran wa jirani anasema wanamharibia alfajiri:
mwadhini akianza, nao wanaanza.
Anapiga simu baladia. Anapiga tena.
"Mbwa ni najisi," ananiambia getini,
kana kwamba nimebisha.
Sikubisha. Nimesoma chuoni, nazijua mara saba na udongo.
Ila mwalimu yule yule alitusomea habari ya kiatu
kilichoshuka kisimani kumchotea mbwa maji.

Watoto wanasema Dulal, mtunza bustani, anawala.
Nani kawaambia? Shule.
Shule nani? Wote.
"Na kwenu mnawala?"
Kwetu tunasingiziana, nikawaambia.
Stendi, usiku, mishikaki mkononi,
lazima mmoja aseme nyau,
na mwingine aikague nyama kama ina sharubu.
Tunacheka, tunaongeza pilipili, tunamaliza.
Sijawahi kumtazama mchomaji usoni wakati huo.

Dulal mwenyewe hali nyama wiki nzima.
Wali na dengu, nyingine anatuma kwao.
Ana kovu la meno mkononi, la utotoni,
na akimwona koko anapita mbali
ameshika mpira wa maji kama bakora.

Usiku wa kuamkia Ijumaa baladia walikuja.
Gari jeupe, bila king'ora.
Nilisikia milio mitatu. Au minne,
mmoja huenda ulikuwa mlango.
Alfajiri adhana ilipita peke yake,
safi, mwanzo mpaka mwisho.
Bwana Zahran alichelewa kuamka.

Saa nne akaja mmoja.
Jike, matiti yananing'inia, nyuma yake hakuna mtu.
Akasimama pale jiwe lisipofika;
umbali huo anaujua, ameupima kwa mbavu zake.
Nikarusha kichwa cha nguru juu ya ukuta.
Hakukila. Alikiuma shavuni,
akakibeba akashuka nacho wadini,
akijikwaa kwa uzito,
kwenda wapi, kwa nani, sikuona.

Nilipogeuka Bi Zuwena alikuwa dirishani na miwani yake.
Hakusema mbwa. Hakusema haramu.
Alifunga pazia.

Ijumaa iliyofuata alikuja jikoni, jambo asilolifanya.
Nguru juu ya ubao, kisu mkononi mwangu.
Akaweka kidole nyuma ya pezi,
mbali na pale ninapokataga siku zote.
"Kichwa kikate hapa," akasema,
kwa Kiunguja chake cha kale, cha msichana aliyepanda meli,
"usikibanie."