Kumbukumbu za Kikao cha Alhamisi

Waliohudhuria: kumi na wanane.
Waliotuma udhuru: Swabra, mamake amelazwa.
Waliokosa bila udhuru: watatu wale wale.

Kikao kilifunguliwa saa kumi na dakika ishirini,
ghorofa ya pili, chumba kinachopigwa na jua la Tudor.
Mwezi wa pili. Shati la Nzaro
limemganda mgongoni kama stempu.

Mwenyekiti, Mbodze Kalama, alisema.
Ndivyo ninavyotakiwa kuandika: alisema.
Neno moja, nukta, twende ajenda ya pili.
Lakini katibu ana masikio. Kalamu haina.

Mwaka jana mwenyekiti alikuwa Harith.
Harith aliipiga meza mpaka soda zikaruka,
nasi tukipiga makofi, tukidhani tumekubaliana.
Nimelifungua daftari lake: maazimio ishirini na saba.
Yaliyotekelezwa, mawili.
Moja lilikuwa picha ya pamoja.

Mbodze husema chini.
Chini ya feni.
Feni yetu ni kongwe, hulia kama kuku anayetaga,
na siku ya kwanza nilidhani ni woga.
"Paza sauti, dada!" wakamwambia wa nyuma.
Hakupaza. Aliendelea vile vile,
mambo ya nauli, ya safari ya Voi, ya risiti,
mpaka Nzaro, Nzaro huyu huyu,
akainuka akaizima.

Joto likatushukia kama blanketi.
Hakuna aliyesema iwashwe.
Tukaloa, tukisikiliza.

Yatokanayo: shilingi elfu kumi na nne za safari.
Harith angesema, mwizi asimame.
Mbodze aliuliza, "Nani hapa alikopa kwa shida,
kisha akaona haya kurudi?"
Akanyamaza. Nilihesabu, ndiyo kazi yangu:
sekunde arubaini na moja.
Nje muuza viazi karai aliita mara mbili.
Ndipo kijana wa mwaka wa kwanza akainua kidole
nusu, kama anayeomba ruhusa ya kwenda msalani.

Jina sikuliandika.
Mwenyekiti alinitazama tu, nikaiweka kalamu chini.

Kwenye kundi la simu wanamsema.
Akinyamaza, ana maringo. Akijibu, ana mdomo.
Akicheka, cheo hakimfai,
asipocheka, nani atamuoa?
Yeye huwaandikia saa tano usiku, mmoja mmoja, faraghani:
Umefika hosteli? Ile dawa ulipata?
Asubuhi aliyetukana ndiye wa kwanza kupanga viti.
Si wote. Mmoja alijitoa, na hakurudi,
na Mbodze bado humsalimu njiani bila kuitikiwa.

Mengineyo.
Hapa nataka kusema kitu nilichotaka kukificha,
kwa kuwa nampenda.
Maji yalipokatika hosteli ya wasichana,
aliandika barua tatu kwa sauti ile ile ya chini.
Huko ofisini kuna kiyoyozi. Hakipigi kelele,
basi hakuna anayeinuka kukizima.
Siku ya kumi alisimama langoni na ndoo tupu,
akaigonga kwa kufuli, akapiga ukelele
hata mafundi wa baiskeli ng'ambo ya barabara
wakaacha spana zao.
Maji yalirudi jioni. Sauti yake, baada ya wiki.

Katika ripoti ya muhula niliandika:
"Mwenyekiti alifuatilia suala la maji."
Akanipokonya kalamu, koo bado limekauka,
akalifuta "alifuatilia", na juu yake
akaandika kwa herufi kubwa: ALIPIGA KELELE.
Pembeni, kwa herufi ndogo, kwangu mimi:
"Zulfa, usimdanganye atakayekuja."

Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasorobo.
Feni tuliisahau.

Sahihi ya mwenyekiti: ipo.
Sahihi ya katibu: ipo,
ila imechuruzika kidogo, kwa jasho.