Bado Nzito

Kidonge kinatumbukia glasini, kinachemka
kama kimechokozwa.
Baba anageuza uso: "Yai viza hilo, Salha.
Yai viza lililokamuliwa ndimu."
Namwambia ni dawa. Anajua ni dawa.
Anaziba pua, anakunywa, analaani kwa adabu
kiwanda, daktari, na mimi kidogo.

Miaka arubaini alisimama nyuma ya soko la Nizwa
mbele ya sufuria ya shaba iliyo pana kuliko mlango,
akikoroga halua: wanga, sukari, samli, zafarani,
saa mbili bila kuupumzisha mwiko,
kuni za samri zikimfukiza kama nguo za arusi.
Kazi yake ilikuwa kuvifanya vitu vizito.
"Ikikuvuta mwiko," akisema, "ndiyo imekubali."

Sasa imekubali kifuani.

Duka la dawa, muuzaji kijana wa Kerala:
Kiarabu chake cha kuokoteza,
changu kimejifunga kanga.
Tukapapasana kwa maneno mpaka baba, nyuma yangu,
akajipiga kifua: "Belghamu!"
"Balgham, balgham!" Kijana akacheka, akashusha boksi.
Haiui kikohozi, akasema, inakilainishia njia.
Na maji, baba. Maji mengi.

Basi maji. Basi mvuke wa chumvi
kwenye mashine inayonguruma alfajiri
na tena baada ya Isha.
Basi kiganja changu nimekikunja kikombe,
nampiga mgongoni, mbavu za chini kwenda juu,
po, po, po,
mimi ambaye sijawahi kumpandishia hata sauti.

Anakohoa. Anatema kwenye karatasi laini,
anaipeleka dirishani, anaikagua
vile vile alivyokagua tone la halua kwenye kidole.
"Bado nzito."
Siku ya nne: "Bado."
Siku ya tisa hakusema kitu, alininyooshea karatasi
kwa majivuno ya fundi.
Ukijani umepauka. Inateleza.

Usiku ule niliamka ghafla.
Ule msumeno wa kifua chake,
niliouzoea kama feni, haupo.
Nilikimbia pekupeku hadi mlangoni kwake,
mkono kinywani.

Alikuwa amelala chali,
jambo lililomshinda tangu Ramadhani,
shuka likipanda, likishuka,
bila kelele.
Nikakaa sakafuni, nikalihesabu
mpaka mwadhini akanipokonya hesabu.