Sahani ya Saba

Chemelil, asubuhi, miwa imelowa umande.
Nahesabu kwa darubini sahani za kioo,
mnara wa arobaini na mbili:
tano, sita—
ya saba haipo. Imebaki kofia na kipini chake.
Chini, katikati ya matuta,
chenga za kijani kama chumvi ya mawe.

Kaure huficha ufa miaka na miaka,
fundi Nyangweso alinifunza.
Kioo hakijui kusetiri:
kikizidiwa, humwagika chote,
aliye mbali akaona.

Zile tisa bado zimeubeba waya,
zaukataza umeme kushukia chuma.

Naandika: ya saba. Nafunga daftari, nakohoa
hadi miwa inyamaze.

Jioni Apondi ataniuliza habari za kifua.
Nami, kaure,
nitamjibu: salama tu.